Cherehani zinapogeuka wapangaji wa kudumu nyumbani

KATIKA nyumba nyingi za jiji la Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma na kutoka Mabatini hadi Nyegezi, cherehani ni chombo kisichokosa historia. Ipo iliyonunuliwa wakati wa harusi, ipo iliyorithiwa kutoka kwa bibi, na ipo iliyopatikana kwa bei nafuu kutoka kwa fundi aliyechoka na kazi. Wapo wanaoitumia kujipatia riziki, lakini wapo pia wengi wanaoshona kwa sababu wanaipenda kazi hiyo. Hao hukaa jioni wakibadili gauni la mtumba lililonunuliwa Mlango Mmoja, wakishona pazia, mashuka au sare za watoto wao, bila kuwa na kibao cha biashara mlangoni.

Tatizo huanza pale cherehani ya pili inapoingia ndani, ikafuatiwa na ya tatu. Mpenzi wa ushonaji hupata shida kuiona cherehani ya zamani ikitupwa, hivyo huichukua. Baada ya miaka michache, chumba cha wageni hakipokei tena wageni, sebule imejaa mifuko ya vitambaa, na baba mwenye nyumba anajigonga magoti kwenye stendi za chuma kila anapokwenda kuzima taa. Hapo ndipo hutolewa uamuzi wa hasira: wanaitwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mashine iliyoishonea familia nguo kwa zaidi ya nusu karne inapimwa kwa kilo kama bati bovu.

Hasara hiyo inaweza kuepukika. Nyumba ndogo inaweza kubeba ushonaji na hata mkusanyiko mdogo wa cherehani, mradi mwenye nazo akubali kupima, kuchagua na kutunza.

Zilivyofika mwambao wa ziwa

Ili kujua cherehani ipi inastahili kubaki, ni vyema kwanza kujua ilikotoka. Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na mwaka 1851 Isaac Singer akapata ya kwake. Kampuni iliyobeba jina la Singer ndiyo iliyozisambaza mashine hizo duniani, ikisaidiwa na utaratibu wa kuuza kwa malipo ya awamu. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Scotland, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980.

Kwa upande wa Ziwa Victoria, njia ya bidhaa ilipanuka reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinavusha mizigo kwenda bandari nyingine za ziwa hilo. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia yakaongezeka, na barazani mwa maduka hayo wakaketi mafundi. Mteja alinunua kitambaa ndani na kushonewa nje. Taswira hiyo haijatoweka hadi leo.

Mwanza pia ni nchi ya pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana na kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu. Baada ya Uhuru, jiji likapata kiwanda cha nguo cha Mwatex. Katika miaka hiyo ya baada ya Uhuru, cherehani kutoka China, hasa za nembo ya Butterfly zilizotengenezwa Shanghai, zilienea hadi vijijini na visiwani.

Historia hiyo ina faida kwa mkusanyaji wa leo. Cherehani nyingi za Butterfly za kukanyaga zimefuata umbo la Singer namba 15, kama zilivyofanya nyingi za Japani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa sababu hiyo, sindano, bobini na vipuri vingine kadhaa huingiliana. Mwenye cherehani tatu za ukoo huo anahitaji akiba moja tu ya vipuri. Mwenye cherehani tatu za koo tofauti hulazimika kutunza akiba tatu.

Pima kabla ya kupanga

Kosa la kwanza katika nyumba nyingi ni kuingiza cherehani kwanza na kutafuta mahali pake baadaye. Chukua mfano wa chumba cha kawaida cha kupanga chenye futi 10 kwa 10, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinachukua 30. Kabati la futi 4 kwa 2 linachukua nane. Meza ya cherehani ya kukanyaga, yenye urefu wa takriban futi tatu na upana wa futi moja na nusu, inachukua nne na nusu. Lakini mshonaji naye anahitaji mahali pa kiti na miguu, takriban futi tatu kwa tatu, ambazo ni tisa nyingine.

Hivyo cherehani moja inayotumika inakula futi za mraba 13 na nusu, si nne na nusu kama inavyoonekana kwa macho. Zilizobaki ni pungufu ya 50, na humo bado kuna mlango unaofunguka, njia ya kupita na ndoo ya maji. Ni wazi kwamba cherehani ya pili ya kukanyaga, ikiwa wazi muda wote, itageuza chumba hicho kuwa karakana.

Hata hivyo, kichwa cha cherehani kilichotolewa kwenye meza yake na kuwekwa ndani ya sanduku la mbao kinahitaji takriban futi moja na nusu kwa moja tu. Vichwa vitatu vikipangwa kwenye rafu ya ngazi tatu, vinachukua sakafuni nafasi ya kimoja. Hapo ndipo ilipo siri ya mkusanyiko katika nyumba ndogo: moja iwe kazini, nyingine zilale.

Kutoa kichwa si kazi ngumu. Katika meza nyingi za kukanyaga, kichwa hushikwa nyuma na bawaba mbili, na kila bawaba ina skrubu yake. Mkanda hutolewa kwanza kwenye gurudumu, skrubu mbili hulegezwa kwa bisibisi, kisha kichwa huinuliwa kwa mikono miwili. Kwa kuwa kichwa cha chuma huzidi kilo 10, kazi hiyo ifanywe na mtu mzima mwenye nguvu, na skrubu zirudishwe mahali pake zisipotee.

Rafu ya vichwa ifungwe ukutani, na vile vizito vikae chini. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa katika Kanda ya Ziwa. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoleta vifo na kubomoa nyumba mkoani Kagera, lilisikika pia katika mikoa ya jirani. Kichwa cha chuma kinachoanguka kutoka juu ya kabati kinaweza kumuua mtoto aliyelala.

Mahali pa kukatia na pa kupigia pasi

Kinachokosekana zaidi majumbani si mahali pa cherehani, bali mahali pa kukatia kitambaa. Wengi hukatia sakafuni juu ya mkeka, na baada ya saa moja mgongo huanza kudai haki yake. Njia iliyo rahisi ni kununua nusu ya shiti ya plaiwudi, ambayo huwa na futi 4 kwa 4, na kulainisha kingo zake. Ubao huo hulazwa juu ya meza ya chakula wakati wa kazi, na ukimaliza unasimamishwa nyuma ya kabati. Ukiuvisha blanketi la zamani na shuka la pamba upande mmoja, upande huo unakuwa meza ya pasi.

Urefu wa meza ya kukatia unaofaa watu wengi ni karibu futi tatu kutoka sakafuni, ili mkataji asiiname. Meza iliyo chini zaidi inaweza kuinuliwa kwa matofali manne yaliyo sawasawa.

Kuhusu mwanga, cherehani iwekwe karibu na dirisha, na anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto ili mkono wake usitie kivuli kwenye sindano. Jua la moja kwa moja lisifike kwenye vitambaa, kwani kitenge kilichokaa dirishani hupauka kwenye mikunjo kabla hakijashonwa.

Vitambaa navyo vina tabia ya kuzaana. Kanuni inayosaidia ni ya sanduku moja: likijaa, hakinunuliwi kingine mpaka kilichomo kishonwe au kigawiwe. Vipande vidogo hutosha kutengeneza vishikio vya sufuria, foronya na mifuko ya sokoni. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, vipande vya namna hiyo vilishonwa barakoa katika nyumba nyingi.

Ya kazi, ya akiba na ya kumbukumbu

Mwenye cherehani nyingi ajiulize kila moja iko nyumbani kwa sababu gani. Ya kwanza ni ya kazi, ile inayoshona vizuri na kukaa wazi. Ya pili ni ya akiba, inayotumika ya kwanza inapoharibika au umeme unapokatika. Hapa cherehani ya kukanyaga au ya mkono haina mshindani. Ya tatu ni ya kumbukumbu, ambayo thamani yake imo katika mkono wa aliyewahi kuitumia.

Isiyoingia katika mafungu hayo matatu ni mzigo. Hata hivyo, kabla ya kuiita chakavu, izungushe gurudumu lake taratibu. Mashine nyingi zinazodhaniwa kufa zimegandishwa tu na mafuta ya zamani. Tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, likiachwa usiku mmoja na kufuatiwa na mafuta halisi ya cherehani, huzifungua nyingi. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwa kuwa hukauka na kuwa kama gundi.

Ikithibitika kuwa haihitajiki nyumbani, bado ipo njia bora kuliko mizani ya vyuma chakavu. Binti anayejifunza ushonaji, kikundi cha akinamama au fundi anayeanza maisha ataipokea kwa mikono miwili. Stendi ya chuma isigeuzwe meza ya mapambo kwa haraka, kwani kichwa kikishatenganishwa na stendi yake moja kwa moja, ni nadra viwili hivyo kukutana tena.

Unyevu, vumbi na panya

Hali ya hewa ya ziwani ina adui wake kwa chuma. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei, huleta unyevu unaozaa kutu, hasa katika nyumba zilizo karibu na maji au zilizoegemea miamba inayochuruzika. Kiangazi nacho huleta vumbi linaloingia kwenye meno ya kusukumia kitambaa.

Dawa yake ni nyepesi. Cherehani ifunikwe kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Isigusane na ukuta wa nje. Kila baada ya siku ya kazi, nyuzi na manyoya ya kitambaa yasuguliwe kwa brashi ndogo karibu na bobini. Iliyolala ndani ya sanduku itolewe angalau mara moja kwa mwezi, ipakwe mafuta na kuzungushwa gurudumu.

Kwa wakazi wa mwambao, cherehani isikae sakafuni. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi viwango visivyo vya kawaida Mei 2020 na tena Mei 2024, na nyumba nyingi za kando ya ziwa ziliingiliwa na maji. Kichwa kilichozama kinaweza kuokolewa kikikaushwa na kupakwa mafuta mapema. Mota iliyozama isiwashwe mpaka fundi umeme aikague.

Mchwa hupenda meza za mbao, na panya hupenda mkanda wa ngozi. Miguu ya meza ikikanyagishwa juu ya vigae au vipande vya bati, mchwa hupata kikwazo. Mkanda ukitundikwa msumarini wakati cherehani haitumiki, panya hukosa mlo.

Umeme unaoweza kuua mota

Cherehani ya umeme ya nyumbani haili umeme mwingi. Mota ya wati 100 hutumia uniti moja ya Luku kwa saa 10 za kushona mfululizo. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja. Anayelalamikia matumizi ya umeme na aitazame pasi kwanza. Kwa sababu hiyo pia, pasi na cherehani visichomekwe pamoja kwenye waya mmoja mwembamba wa kurefushia umeme.

Hatari kubwa zaidi imo katika cherehani za mitumba kutoka ng'ambo. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Cherehani za Japani hutengenezwa kwa volti 100 na za Marekani kwa volti 120. Mashine hiyo ikichomekwa moja kwa moja ukutani, mota yake inaweza kuungua kwa dakika chache. Kabla ya kulipa fedha, mnunuzi asome kibandiko kilicho karibu na mota. Ikiwa ni volti 100 au 120, atahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na transfoma hiyo nayo itadai mahali pake na gharama yake.

Aidha, eneo la Ziwa Victoria hupigwa na radi mara nyingi. Wingu likitanda, plagi itolewe ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Amani ya nyumba

Mtoto mdogo hawezi kuliona gurudumu la cherehani asilizungushe. Njia ya uhakika ni kuvua mkanda kila kazi inapokwisha, kwa kuwa bila mkanda mtoto anaweza kukanyaga atakavyo na sindano isishuke. Cherehani ya umeme itenganishwe na pedeli yake, na pedeli ifungiwe kabatini. Sindano zilizovunjika zitiwe kwenye kopo lenye mfuniko, na pini zihesabiwe kabla na baada ya kazi.

Majirani nao wana haki ya kulala. Katika nyumba za kupanga ambako ukuta ni mmoja, mngurumo wa cherehani saa tano usiku ni chanzo cha ugomvi. Mkeka mzito au kipande cha zulia chini ya stendi hupunguza kelele, lakini kilicho bora ni kukubaliana saa ya kuacha kazi.

Ndani ya familia, makubaliano yafanyike kabla cherehani mpya haijaingia. Kona ya ushonaji ikishaamuliwa, mshonaji asivuke mpaka wake, na wengine wasiigeuze kuwa mahali pa kutupia nguo chafu. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua haki ya mke kumiliki mali yake mwenyewe. Cherehani aliyoinunua au kurithi si ya kuuzwa bila ridhaa yake, hata kama inabana sebule.

Mali bila daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kila cherehani iandikwe katika daftari: nembo, namba, ilikotoka, iliyeachwa na nani na lini ilipakwa mafuta. Stakabadhi zihifadhiwe humo. Kwa Singer, namba iliyogongwa kwenye kitako husaidia kujua umri. Zenye herufi Y mbele ya namba zilitengenezwa Clydebank katika miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, na zenye herufi E zilifuata hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Daftari hilo ni kinga pia dhidi ya matapeli. Aprili 2009, nchini Saudi Arabia, ulizuka uvumi kwamba cherehani kuukuu za Singer zina kitu kiitwacho zebaki nyekundu chenye thamani kubwa. Watu walizigombania kwa maelfu ya riyali, na polisi wakaanza kuchunguza chanzo cha udanganyifu huo. Ukweli ni kwamba ndani ya cherehani hamna zebaki ya aina yoyote. Mna chuma, mafuta na vumbi la nyuzi. Mgeni anayebisha hodi akiahidi mamilioni kwa Singer ya bibi aambiwe hivyo, na mlango ufungwe.

Cherehani ya kukanyaga iliyotunzwa vizuri inaweza kumzidi umri aliyeinunua. Wenye nyumba wanaofikiria kuita mizani ya vyuma chakavu wangefanya vyema kuanza na futi ya kupimia, bisibisi na chupa ya mafuta. Mara nyingi vitu hivyo vitatu hutosha kumrudishia baba njia yake ya kwenda kuzima taa, na mama akabaki na cherehani zake.